Msaragambo wa Sukari

Jumanne ya pili ya mwezi Machi, saa nne kasoro robo asubuhi, Ernesta alikuwa akisuuza chupa za maabara kwa maji ya ndoo, kwa sababu bomba la kituo lilikuwa limekauka tangu Ijumaa. Kituo hicho cha utafiti kipo Same, kando ya barabara kuu, mahali ambapo mabasi ya Dar es Salaam hupiga honi bila kusimama. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sukari. Si ya kutia kwenye chai. Hiyo inauzwa kila duka. Hii ni sukari inayokaa kwenye ngozi ya kijidudu cha homa ya mapafu ya mbuzi, sukari sita zilizoshikana kwa mpangilio mmoja tu. Nia ilikuwa kuiunda upya maabara, kuwachanja nayo mbuzi, ili miili yao imtambue adui kabla hajabisha hodi.

Ugumu wa sukari ni mikono. Kila moja ina mikono kadhaa, na kila mkono unataka kushika chochote kilicho jirani, kama walevi wanaotoka harusini. Mkemia huifunika mikono yote akaacha mmoja, kisha humwomba Mungu. Ernesta alikuwa amefunika na kufunua mikono kwa miaka miwili, na kila mara alichopata ni uji mzito wa kahawia uliogoma kuganda. Mkurugenzi wake, Dakta Melkizedeki, alikuwa kwenye semina. Alikuwa kwenye semina miaka yote hiyo miwili, isipokuwa siku chache ambazo semina ilifanyika Same.

Ernesta alikuwa msaidizi wa maabara, mwenye umri wa miaka arobaini na minne. Kanuni za kituo zinasema msaidizi atapandishwa kuwa mtafiti akiwa na andiko moja la kisayansi lenye jina lake, na kwamba asipopanda kabla ya kutimiza arobaini na mitano, atabaki msaidizi mpaka astaafu. Yeye alizaliwa mwishoni mwa Oktoba. Aliitaka nafasi hiyo waziwazi, bila ule unyenyekevu wa kanisani, na alikuwa na haki ya kuitaka.

Alipomaliza kusuuza, alitoa kwenye mkoba pembe ya tandala aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mzee Zephania alikuwa mpiga pembe wa Myamba, huko juu mlimani. Ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba, lilipojaa tope, alisimama ukingoni jioni akapuliza, na kesho yake kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Huo ndio msaragambo. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na Myamba jambo lilikuwa tope siku zote. Nyumba ambayo haikutoa mtu ilifuatwa mlangoni, ikachukuliwa kuku au mbuzi, na waliofanya kazi wakamla. Hakuna aliyetukanwa. Ilikuwa sheria tu.

Ernesta alikwishajaribu moto, barafu, tindikali na kikundi cha maombi. Akaielekeza pembe kwenye chupa, akapuliza mara tatu, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, sukari zilikuwa zimefika kazini. Uji umekuwa maji maangavu, na chini yake zimepangana punje nyeupe, kila sukari imeshika mwenzake kwa mkono ule ule uliotakiwa. Mzee Clemence, mtunza stoo, alikuwa amesimama karibu akimulika kwa tochi, maana umeme nao ulikuwa umekatika.

"Zimekubali?" aliuliza.

"Zimekubali, mzee."

"Miaka miwili! Zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa hazijaitwa."

Ernesta alichukua daftari la mahudhurio, kama alivyofanya baba yake, akaandika waliofika kazini: Ernesta, Clemence, na sukari zote. Hakumwandika mwingine kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Mwezi Mei waliwachanja mbuzi arobaini wa Kwakoa, kule tambarare. Mwezi Juni homa ilipita kijijini ikaua mbuzi wengi, lakini wale arobaini waliendelea kula, na mmoja alikula kofia ya bwana mifugo aliyekuja kuwakagua. Dakta Melkizedeki alirudi kutoka semina, akayasoma matokeo akiwa bado amesimama na begi mkononi, akajifungia ofisini siku nne kuandika.

Andiko lilitoka mwishoni mwa Agosti katika jarida la ng'ambo. Lilikuwa na majina saba. La kwanza lilikuwa la Daktari mwenyewe. La pili lilikuwa la shemeji yake, Erasmo, mwalimu wa jiografia Mwanga. La tatu lilikuwa la profesa mmoja mashuhuri ambaye aliwahi kusimama kituoni kwa dakika kumi akielekea Arusha, akaomba choo. Wanne waliobaki Ernesta hakuwafahamu, na Mzee Clemence, aliyekuwa na ufunguo wa kila mlango, hakuwafahamu pia. Ukurasa wa mwisho uliwashukuru wasaidizi wa maabara kwa kuosha vyombo.

Ernesta alikwenda ofisini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Ernesta. Umeliona andiko letu? Hongereni sana."

"Nimeliona. Jina langu ndilo sijaliona."

"Lakini umo. Soma ukurasa wa mwisho."

"Pale pa vyombo?"

"Sasa vyombo hukuosha?"

Vyombo kweli alikuwa ameviosha. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapiga kelele.

"Andiko lijalo tutakuingiza," Daktari alisema kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Subira yavuta heri."

"Lijalo litatoka baada ya Oktoba."

"Kwani Oktoba kuna nini?"

Kesho yake saa kumi jioni, punje za sukari zilitoka maabara. Zilipita chini ya mlango, zikakata uwanja kwa mstari mmoja mweupe kuelekea nyumba ya mkurugenzi. Mzee Clemence, aliyekuwa akifagia, aliinua fagio zipite.

"Zinakwenda wapi hizi?"

"Kwa ambao hawakuja," Ernesta alisema. Alikwishalitazama daftari, na sheria aliijua.

Daktari na mkewe, Fortunata, walikuwa barazani wakinywa chai. Punje zilipanda mguu wa meza, zikaingia kwenye kikombe cha Daktari, zikatoka upande wa pili zimebeba utamu wote, zikaondoka kwa mstari ule ule. Daktari alionja.

"Mama, hukutia sukari."

"Nimetia vijiko vitatu."

Fortunata alionja kikombe chake. Kilikuwa kitamu. Yeye hakuwemo kwenye andiko. Walijaribu asali, ndizi mbivu, soda, na keki iliyobaki kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Kwa Daktari vyote vilikuwa kama kutafuna sanduku la viatu. Wiki hiyo hiyo shemeji yake alitema muwa katikati ya soko la Mwanga, na yule profesa, kwenye mkutano wa kimataifa, aliwalalamikia wapishi mara tatu kuhusu keki.

Daktari hakupiga kelele. Alikuwa Mpare wa milimani, na babu yake aliwahi kuchukuliwa mbuzi wawili kwa kosa hilo hilo.

"Ni faini," alimwambia mkewe. "Nimetozwa, nimelipa, yamekwisha."

Kwake yalikuwa yamekwisha kweli. Sukari ya damu, iliyomsumbua kwa miaka sita, ilishuka mpaka daktari wa hospitali akaupima mkono wa pili ahakikishe. Kitambi kikayeyuka. Alishona suti mbili mpya, akaenda nazo Dodoma kupokea tuzo ya chanjo, na kwenye hotuba yake aliwausia vijana kuwa na nidhamu katika mlo.

Faini ya msaragambo huliwa na waliofanya kazi. Utamu wa watu saba ulirudishwa kituoni, ukagawanywa kwa mujibu wa daftari. Mzee Clemence alichukua kidogo cha kumtosha. Uliobaki wote ulikuwa wa Ernesta, mwenye pembe. Makande yake yakawa matamu kama kashata. Mchicha ukawa mtamu, dagaa wakawa watamu, chumvi yenyewe ikawa tamu. Alipiga mswaki na utamu ukabaki pale pale. Kufikia katikati ya Septemba alikuwa amekonda, na alipomwona mtu akila ndimu kwa chumvi alimwonea wivu wa waziwazi.

Alipanda Myamba kumwuliza mama yake, Bibi Asteria, namna ya kuikataa. Alimkuta anamenya tangawizi.

"Faini hairudishwi," mama alisema. "Baba yako aliletewa jogoo mgonjwa wa kideri, akamla."

"Mama, mimi sikutaka utamu. Nilitaka jina langu."

Bibi Asteria alichukua tangawizi nyingine, akaanza kuimenya.

"Jina msaragambo hautoi, mwanangu. Unatoa nyama."

Alimfungia tangawizi kilo mbili. Nazo zilikuwa tamu.

Ernesta aliijaza fomu ya kupandishwa cheo hivyo hivyo. Penye maandiko alieleza kwa mwandiko mzuri kila kitu alichofanya, kuanzia kifuniko cha kwanza hadi mbuzi wa arobaini, akaambatisha nakala ya daftari la mahudhurio. Penye jina alikaa muda mrefu. Aliliandika taratibu, kwa herufi kubwa, kiganja kikiwa kimelala juu ya karatasi, na siku hizo hata jasho la kiganja chake lilikuwa la sukari. Akalipeleka faili kwa mkurugenzi wiki ya kwanza ya Oktoba.

Faili lilikaa kwenye trei ya Daktari likisubiri saini. Sisimizi walipanda siku ya pili. Katibu muhtasi aliwaona, akawaacha, kwa sababu hawakumzuia kufanya kazi. Walikula kwa utaratibu, bila kugusa maelezo, bila kugusa nakala, mahali pale tu ambapo kiganja kilikaa zaidi.

Faili lilirudi na muhuri. Penye jina palikuwa na tundu safi, kingo zake zimelainika, na pembeni Daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Fomu imekataliwa, mwombaji hakuandika jina. Tarehe ilikuwa siku moja baada ya Ernesta kutimiza arobaini na mitano.

Aliisoma mara mbili. Sisimizi wawili walikuwa bado ukingoni mwa tundu, wanamalizia herufi ya mwisho. Ernesta aliiweka karatasi juu ya meza, akawaacha wamalize, kwa sababu hao nao walikuwa kazini.