Kilo za Mama

Jumatano saa saba mchana, Persis aliweka mezani ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji na mboga za chinsaga zilizolala kwenye maziwa, akanawa mikono. Ilikuwa siku yake ya kujiachia. Siku nyingine sita alikula matango, yai moja na uji usio na sukari, kwa amri ya nesi Anyiko wa zahanati, ambaye alikuwa ameipima presha yake akashika kichwa. Wengine wangechagua Jumamosi. Lakini Persis ni Msabato, chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa, na mtu hawezi kungoja wiki nzima halafu ale ugali wa jana. Aka!

Kabla hajamega tonge, mama yake aliingia. Alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita. Alivua ndara mlangoni, akasema njia ya Ekerenyo ina matope, akaketi. Kanisani kwao hufundishwa kwamba waliokufa wamelala hadi parapanda ilie. Mama, aliyekuwa shemasi, alilijua hilo vizuri, kwa hiyo hawakulizungumzia.

"Umepika, mwanangu?"

"Nimepika, mama. Karibu."

Alikula nusu ya kuku na karibu ugali wote. Alikuwa mifupa mitupu, vile vile alivyozikwa, na gauni la maziko lilimning'inia. Persis alimtazama akitafuna, na hamu aliyokuwa nayo haikuwa ya chakula tena. Alitaka mama akae tu pale.

Akawa anakuja kila Jumatano. Kila kilo iliyomtoka Persis ilimkalia mama: kwanza mashavu, kisha mikono, kisha ile shingo. Walikuwa wakipimwa kwenye kituo cha kununulia majani chai, kwa mizani ya ndoano. Persis alipopungua saba, mama alikuwa ameongeza saba. Mokua, karani wa mizani, alimkata kila mmoja kilo mbili za gunia, kama anavyomkata kila mkulima, ingawa hakuna aliyekuja na gunia. Hata marehemu hakuachiwa.

Siku moja Cleophas, kaka mkubwa wa Persis, alipitia akawakuta mezani. Mwaka wake wa mwisho mama aliuishi kwa Cleophas, wakati Persis akiuza mitumba Kisii mjini. Kila Persis alipopiga simu kuuliza kama amekula, mama alijibu, "Nimeshiba." Persis aliamini. Ilikuwa rahisi kuamini.

"Mama," Cleophas akasema, "kwenye matanga tulikuchinjia ng'ombe wawili."

"Nilisikia. Nyama ilikuwa tamu?"

"Tamu sana," akasema, akaomba chai.

Mwezi wa nne nesi Anyiko alifurahi. "Presha imetulia. Sasa kula kama watu." Persis akala wiki nzima: chapati, ndizi za kupika, nyama. Jumatano mama aliingia akilishikilia gauni lisimvuke. Hakulalamika. Aliuliza tu kama jikoni kuna kitu. Persis aligeukia ukuta akalia, kwa sababu hilo swali mama hakuwahi kuliuliza kwenye simu.

Kesho yake alirudi kwenye matango. Mama akaanza tena kujaa, lakini polepole mno, na Persis akaona hata tonge anazokula yeye Jumatano zinamchelewesha mama. Wiki chache baadaye nesi Anyiko alikutana naye sokoni akamshika kifundo cha mkono.

"Wewe dada, unaisha! Nani anakukimbiza?"

"Hakuna," Persis akasema. Akanunua kuku.

Jumatano alipakua sahani moja. Mama aliingia mnene, ngozi inang'aa, akaketi na kiti kikalia. Alinawa mikono, kisha akaitazama meza.

"Na wewe, umekula?"

Harufu ya kuku ilimpanda Persis hadi machoni.

"Nimeshiba, mama."

Mama akaamini. Akaivuta sahani karibu.