Mvua Inatosha, Kompadre

Siogopi nyoka. Siogopi joto la Agosti linaloua kuku bandani, wala simwogopi mume wangu akilewa. Ninachoogopa mimi ni manyunyu. Kwetu huku Bonde la Mexicali mvua hunyesha mara tatu nne kwa mwaka, na ikinyesha watu wazima hutoka nje na kupanua vinywa kama makinda. Mimi hubaki mlangoni.

Asubuhi ile ya Novemba nilikuwa nakanda unga wa tortilla, chapati zetu, nikasikia bati linalia. Tone, tone, kimya, tone. Nikaacha kukanda.

Niwaeleze, msije mkadhani nina wazimu. Shamba letu ni la chumvi. Maji ya mfereji yana chumvi, ardhi nayo ina yake, na jua likikausha udongo chumvi yote hupanda juu ikafanya ukoko mweupe. Ikibaki pale juu haina neno. Lakini manyunyu huiyeyusha na kuishusha kina cha kidole kimoja tu, palepale penye mzizi wa mche mchanga, halafu mvua inakatika na kuiacha hapo. Mvua kubwa ingeisukuma chini kabisa, ila mvua kubwa kwetu haipo. Dawa ni moja. Marehemu baba yangu, don Crisóforo, aliyejulikana bonde zima kwa kuijua chumvi, alinifundisha nikiwa na miaka tisa: mvua ikinyunya, fungulia maji. Jaza majaruba mpaka juu, chumvi ishuke kabla haijatulia.

Na alfalfa yetu, majani ya kulishia ng'ombe, ilikuwa na siku ishirini na mbili. Majani matatu kila mche. Hekta nne, za mwisho ambazo chumvi haijazila, na ng'ombe kumi na mmoja wanaisubiri. Nicanor, mume wangu, alishasema: hii ikifa, anauza ng'ombe wote anavuka mpaka kwenda kuwa kibarua wa kukata letusi kama kaka zake. Kaka zake walikuwa watatu na hakuna hata mmoja aliyerudi. Na Nicanor si mtu wa kutishia bure.

Bahati nzuri, nikajiambia, leo ni zamu yetu ya maji, saa tatu mpaka saa sita. Nikatoka na unga wangu mikononi. Nicanor alikuwa anarudi kutoka mferejini, kofia mkononi, uso umelowa, anacheka peke yake.

"Duvi! Umeiona baraka hiyo?"

"Maji umeshafungulia?"

"Maji ya nini, mke wangu? Mungu mwenyewe anamwagilia! Zamu nimempa kompadre Fulgencio. Yeye atatupa yake Alhamisi."

Ndivyo wafanyavyo karibu wote hapa. Mvua ikidondoka, mtu anampa jirani maji yake. Kumwagilia huku kunanyesha wanaona ni kumkosoa Mungu. Nimemwambia Nicanor mara ngapi? Hujibu kwamba baba yangu alikuwa mzee mwoga.

"Umetuua," nikamwambia.

"Duvi, usianze."

"Umetuua, Nicanor! Hiyo Alhamisi utamwagilia nini, kuni?"

"Haya, nabii. Nenda kamwambie Mungu afunge bomba." Akaingia ndani kutafuta kahawa.

Nikachukua pikapu. Njiani vioo vilikuwa vinalowa kidogo kidogo, na kila tone nililihesabu kwenye mizizi yangu.

Fulgencio ndiye aliyemshika binti yetu Otilia kwenye ubatizo. Kompadre kwetu si rafiki tu. Huruhusiwi kumpandishia sauti, huruhusiwi hata kumnuia baya, na mtaitana kompadre na komadre mpaka mmoja amzike mwenzake. Shamba lake liko chini ya letu, mfereji uleule. Alipanda alfalfa wiki ileile na sisi, mbegu za gunia moja. Ana ng'ombe tisa na watoto wadogo watatu.

Nilimkuta kwenye lango la mfereji na Leobardo, mgawa maji, jitu nene lenye funguo kiunoni na mfuko wa plastiki kichwani. Lango la Fulgencio lilikuwa limeinuliwa dakika ileile. Maji ya kahawia yalikuwa yameingia hatua tano sita tu.

Naapa kwamba njiani nilipanga kumwambia ukweli. Kisha nikayatazama yale maji. Mfereji wetu ni mwembamba, unatosha lango moja, na saa sita Leobardo hupeleka maji vijiji vya chini. Tukigawana, kila shamba lingelowa juu juu tu, na kulowesha juu juu ndiyo kazi yaliyokuwa yanaifanya manyunyu. Zingekufa zote mbili.

"Komadre!" Fulgencio akapaza sauti. "Umekuja kuoga?"

"Sabuni amesahau," akasema Leobardo, wakacheka.

"Kompadre," nikasema, "wewe unamwagilia huku kunanyesha?"

"Hata sijui. Kanipa kompadre, na maji ya kupewa nani anakataa? Lakini ndiyo nilikuwa namwambia Leobardo, labda yatazidi. Wewe wasemaje? Wewe ndiye binti wa don Crisóforo."

Nikatazama mawingu ili nisimtazame yeye.

"Mvua inatosha, kompadre. Ukiongeza maji, miche itaoza."

"Kweli?"

"Funga upesi."

Akafunga mwenyewe. Alizungusha gurudumu la lango mpaka mwisho akanishukuru, Mungu akubariki komadre, na akaondoka zake kwa miguu anapiga mluzi.

"Leobardo, basi nirudishie mimi."

Leobardo akanikazia macho yake madogo. "Kwako haitaoza?"

"Nataka kulowesha mtama wa zamani, kule nyuma."

Alifungua, na mimi nikakimbilia shambani. Sikuwa na mtama wowote kule nyuma, na Leobardo anajua mashamba yote ya mfereji ule.

Nilijaza majaruba yote. Nilisimama kwenye tope mpaka saa sita, koleo mkononi, na kila nikisikia gari barabarani nilidhani ni Fulgencio. Manyunyu yalikatika saa nne na nusu. Jua likatoka, kali, safi, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Maji yangu yalikuwa bado yanashuka.

Siku ya tisa majani ya Fulgencio yaliungua pembeni. Siku ya kumi na nne shamba lilikuwa jeupe kwa chumvi, na miche iliyokauka kama nyuzi nyeusi hapa na pale. Letu lilifika magotini. Nikaacha kupita njia ile. Kwenda kanisani nilizunguka kwenye mtaro mkubwa, kilomita tatu zaidi, na nikifika nakaa nyuma ya nguzo. Nicanor alitaka kwenda kujigamba kwa watu, kwamba mkewe kichaa kamwagilia kwenye mvua na tazameni majani yake. Nikamsihi asithubutu. Akasema sawa.

Jumapili moja ya Desemba mbwa akabweka. Fulgencio huyo mlangoni, kofia kifuani. Leobardo kasema, nikawaza. Niliwawekea kahawa, yeye na Nicanor.

"Komadre, nimekuja kukushukuru," akasema.

Nicanor akavuta kiti. Mimi nilibaki nimesimama.

"Shamba langu limekwisha, mmeliona. Ng'ombe wanne nimeshauza. Nadhani wiki ile ya kabla nilizidisha maji, na mvua ikamalizia. Kama usingenizuia, si ningeyaozesha hata mapema zaidi? Basi nimepita kwa watu wote waliopanda juzijuzi. Nimewaambia, ikinyesha, fungeni maji. Mzee Zeferino alibisha, kasema don Crisóforo alifundisha kinyume. Nikamwambia, binti yake mwenyewe kaniambia. Amekubali."

Bati likalia. Tone moja, jingine. Fulgencio akainua uso na kutabasamu. "Sikieni, inakuja tena."

Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu ilikuwa inataka kwenda mbali, ipite kwa Zeferino, ipite kwa wajane wanaolima kwenye mtaro wa pili, shamba baada ya shamba, na jina la baba yangu likiwa mbele.

"Kompadre," nikasema. "Mvua haikutosha."

"Unasemaje?"

"Ni chumvi. Ungejaza maji siku ile, alfalfa yako ingekuwa hai. Niliyataka mimi, kwa ajili ya shamba langu."

Nicanor akatua kikombe. Nilingoja nitukanwe, nipigwe, chochote.

"Ulijua palepale langoni?" Fulgencio akauliza, taratibu.

"Nilijua kabla sijashuka kwenye gari."

Akavaa kofia yake, akainuka, akamgeukia Nicanor, si mimi.

"Zeferino ana zamu leo. Niwahi kumwambia afungulie."

Alipofika mlangoni alikumbuka adabu, maana kalelewa vizuri yule mtu.

"Asante kwa kahawa, mama," akasema.

Mama, si komadre tena, kama unavyomwita mwanamke usiyemjua kwenye foleni ya benki. Akaenda zake mvuani akikimbia. Nicanor alisikia. Zizini ng'ombe walikuwa wanalia wanataka kulishwa, na kati yetu hakuna aliyetoka.