Mkataba wa Othaya

Walinichagua mimi niwe msemaji wa upande wa kijana kwa sababu moja tu: sikuwa mgeni Rombo. Miguu yangu haijui kukaa. Nimechuma kahawa upande ule wa Kilimanjaro, nimepika chapati Loitokitok, na nimefukuzwa kazi pande zote mbili za mpaka bila ubaguzi. Basi Evarist Kavishe, kijana Mchagga anayepandisha watalii Mlima Kenya kutoka Naro Moru, alipotaka kumwoa Wachuka wa Othaya, alinijia akasema, "Mzee Theuri, wewe unatujua sote." Nikakubali. Mahali penye nyama mimi hukubali haraka.

Wazee wake walikuja kutoka Rombo wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Shirima, mtu mrefu mpole. Walikuwa wameleta mbuzi wa kufungulia maneno, lakini mpakani wakaambiwa mnyama havuki bila karatasi za daktari wa mifugo. Sasa Shirima ana shemeji yake pale pale, jiko lake liko Tanzania na zizi lake liko Kenya. Mbuzi wa huyo shemeji huvuka kila asubuhi kwenda malishoni na hakuna aliyewahi kuwauliza lolote. Wangepitishwa migombani tu, mambo yaishe. Shirima alikataa. Alisema mtu haendi kuomba mke kwa mlango wa nyuma. Mbuzi wakabaki kwa shemeji, na Othaya ikafika kamba peke yake, imening'inia begani kwa Shirima.

Pale langoni wanawake walituimbia na kutukejeli mpaka jua likatuchoma, halafu tukaingizwa kwa meza.

Mwenye meza alikuwa Kingori, baba mdogo wa Wachuka. Baba mzazi alishafariki, kwa hivyo Kingori ndiye aliyesimama badala yake. Ni mzee wa kanisa, mwenye nyumba za kukodisha Nanyuki, na zamani alikuwa naibu wa chifu. Sidhani amewahi kuambiwa kwamba kazi hiyo iliisha.

Katikati ya meza kulikuwa na kibuyu cha muratina. Kwetu pombe ya siku hiyo haiguswi ovyo. Wazee wakimaliza kuongea, msichana huitwa, anaulizwa mbele ya wote: tunywe ama tumwage? Akisema tunywe, ndoa imeanza. Akisema tumwage, kila mtu anarudi kwake na kiu yake. Mmoja wa wageni alipokisogelea kibuyu kidogo tu, labda kukinusa, Kingori aligonga meza.

"Hiyo haiguswi kabla msichana aseme," alisema. "Mwenye kugusa, awe nani, atatoa kondoo dume. Hiyo ndiyo sheria ya hapa."

Kisha akaitazama ile kamba, akauliza mbuzi wako wapi. Nikaeleza habari za mpaka. Akanicheka, akasema Theuri wa barabara amewaleta watu na kamba, labda wanataka kumfunga msichana. Halafu akamgeukia Shirima.

"Kilimanjaro yetu mlipewa bure na Malkia, ati zawadi kwa mjukuu wake Mjerumani. Sasa mnataka na msichana?"

Watu wa kwao wakacheka. Shirima akangoja wamalize.

"Mzee mwenzangu," akasema, "sisi hatukupewa mlima. Wao walipokuwa wanapeana, sisi tulikuwa tunapalilia migomba hapo hapo."

Hiyo hadithi ya zawadi nimeisikia kila mahali nilipowahi kunywa chai, na siwezi kuiapia, maana kwa hiyo sherehe sikualikwa. Ninalojua ni hili. Mwaka wa 1886 Mwingereza na Mjerumani walikubaliana huko kwao Ulaya. Wakapiga mstari kutoka baharini kwenda Ziwa Viktoria. Ukiutazama kwa ramani unakwenda umenyooka kama kijana anayeenda kwa msichana, halafu ukifika Kilimanjaro unajikunja, unauzunguka, unauacha mlima wote kwa Mjerumani, kisha unanyooka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Mchagga hakuulizwa. Mmasai naye hakuulizwa, na ng'ombe zake zikawa wageni kwa nyasi zao.

Nilidhani wenye ufundi huo walikufa. Nilikuwa bado sijamwona Kingori na kamba.

Ubishi ulianza kwa swali la watakaa wapi. Shirima alitaka Rombo, Kingori akasema damu ya Othaya haiwezi kupotelea ng'ambo. Alimwomba Shirima ile kamba, akailaza juu ya meza toka ukingo mpaka ukingo. Huku Kenya, akasema, huko Tanzania. Kamba ilipokikuta kibuyu, akaikunja polepole, akakizungusha, kibuyu kikabaki upande wake. Kisha akainyoosha tena. Nilikohoa, lakini hakuna aliyenisikia.

Baada ya hapo wazee wale wawili walipendana ghafla, nami msemaji nikabaki bila kazi. Walichukua vifuniko vya soda, wakavifanya watoto. Wa kwanza awe Mkenya, asome Nyeri. Wa pili aende Tanzania. Wa tatu, Mungu akijalia, awe wa zamu. Krismasi iliwashinda kwa muda mrefu, maana Mchagga asiyerudi kwao Krismasi huhesabiwa amekufa, mpaka wakaipasua: usiku wa mkesha Othaya, mchana wa sikukuu Rombo. Namna ya kusafiri usiku huo wote hawakuijadili. Maharusi wangekaa Nanyuki, katika nyumba ya Kingori, kwa kodi ya kawaida. Shirima hakuipenda hiyo, basi ili kumtuliza, Kingori akampa mazishi: Wachuka akifa, azikwe Rombo.

Wakashikana mikono. Shirima alikuwa analengwalengwa na machozi ya furaha.

"Mkataba bila kuonja si mkataba," Kingori akasema. Yeye kama mzee wa kanisa hanywi, huonja. Akajimiminia katika pembe ya kunywea, akammiminia Shirima, wakaonja mpaka chini. Mimi sikuguswa na dhambi hiyo. Hawakunimiminia.

Ndipo Wachuka akaitwa. Aliingia na mama yake, Beth, nyuma yake. Kingori akafuta mdomo haraka, akasimama, akatoa ile sauti ya baraza.

"Msichana wetu, tumeongea vizuri na hawa watu. Tunywe hii pombe ama tumwage?"

Wachuka alikuwa anaangalia meza. Akaniuliza mimi, taratibu, ile kamba ni ya nini. Nikamwambia ni mpaka. Na vifuniko?

"Hao ni watoto wako," nikasema.

"Huyu ni nani?"

"Huyo ni Mtanzania."

Akavichukua vyote, kimoja kimoja, akavitia katika mfuko wa aproni yake.

"Hawa nitawabeba mwenyewe," akasema. "Na mimi niko wapi hapa?"

Tukatafuta. Nasema kweli, wazee wote tuliinama tukaitafuta ile meza. Kulikuwa na Krismasi, kulikuwa na kodi ya nyumba, kulikuwa hata na kaburi. Wachuka hakuwepo.

"Evarist yuko huko nje anageuza nyama," akaendelea. "Hajui kama amekodi nyumba Nanyuki. Na mnaniuliza kama mnywe. Baba mdogo, mbona ndevu zako ziko na pombe?"

Kingori akasema ameonja tu. Beth, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo mbele ya wanaume, akaufungua, akamwita Kingori kwa jina la mwanawe.

"Baba Muriithi, hii sheria tumeisikia mpaka jikoni. Awe nani, ulisema. Ni kondoo dume."

Shirima alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akakiri kwamba yeye naye anadaiwa dume lake. Akasema atalileta, na safari hii litapita migombani kwa shemeji.

"Lako litangoja," Wachuka akamwambia kwa heshima. "La hapa liko karibu." Akaikunja kamba kutoka mezani, mpaka mzima pamoja na lile kunjo la kibuyu, akampa Kingori kwa mikono miwili kama inavyotakiwa mtu kumpa mkubwa wake. "Kamba ndiyo hii. Ukirudi, muite Evarist akae hapa, halafu mtuulize sisi wawili tunataka kukaa wapi. Hiyo pombe mtaniuliza mwisho."

Kingori alitutazama sote, akitafuta wa kumtetea. Mimi nilikuwa naangalia dari. Akapanda kwenda zizini kwake, katikati ya mashamba ya chai, mpaka wa nchi mbili umemning'inia begani.

Alikaa sana huko. Lile dume lilikuwa la mbegu, na halikutaka kufungwa.