Kadi Haikuja kwa Ninian

Kaka Ninian aliichezea Uskoti raga mara moja tu. Siku ile mimi na baba tulipanda treni kutoka Jedburgh mpaka Edinburgh kumwangalia akicheza dhidi ya Uingereza, na baba alimwambia kila abiria, "Yule mrefu utakayemwona mbele ni wangu."

Kila timu ilikuwa na watu ishirini. Muda mwingi mpira wenyewe huuoni, unaona matope na mvuke wa jasho tu. Giza lilikaribia kuingia na hakuna aliyefunga. Halafu rundo zima likaanguka nyuma ya mstari wa Waingereza, Ninian akiwa chini kabisa. Kama yeye ndiye aliyeugusa mpira kwanza, tunapewa nafasi ya kuupiga katikati ya milingoti. Kama ni Mwingereza, hatupati kitu. Hakukuwa na refa siku zile. Manahodha walikubaliana wenyewe, kwa kuwauliza wachezaji wao.

Nahodha wetu, Bwana Hathorn, akamwinamia. "Umeugusa wewe kwanza, sivyo?"

Ninian alikuwa anatema udongo. "Hapana. Mkono wa huyu Mwingereza ulinitangulia."

Mechi ikaisha hivyo hivyo, sifuri kwa sifuri.

Kwenye treni ya kurudi, tulipofika kituo cha St Boswells, baba akamgeukia Ninian. "Ungenyamaza tu," akasema. Na yeye ni mzee wa kanisa, kila Jumapili ananikaririsha amri kumi.

"Niliulizwa, baba."

"Na yule Mwingereza mbona hakuulizwa?"

"Alikuwa hawezi kupumua. Nilikuwa nimemlalia."

Mimi nilicheka kidogo. Baba akageukia dirisha.

Mjini walimkalia vibaya. Laidlaw wa buchani alimuuliza mbele ya wateja, "Ninian, nikukatie nyama ya kwetu, au leo unataka ya Kiingereza?" Kaka alitabasamu, akachukua nyama, akaondoka. Mazoezini wenzake walimpa mpira kama kawaida, lakini wakimaliza walienda baa bila kumwita.

Yeye alitaka kitu kimoja, kuitwa tena. Timu ya taifa iliitwa kwa kadi ya posta. Mwaka mzima alikimbia kupanda kilima kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kwenye kiwanda cha sufu, na Januari ilipofika akawa anapitia posta kwanza.

Kadi ilikuja. Ilikuja kwa Wat Oliver wa klabu yetu, ambaye Ninian alimwangusha kila Jumamosi mazoezini. Kaka akaenda kwao kumpa mkono.

Siku ya mechi karibu mji wote ulipanda treni, na baba pia. Ninian akachukua mpira akaenda uwanja wa klabu. Nikamfuata. Nyasi zilikuwa ngumu kwa baridi. Alipiga, nikakimbilia mpira na sketi yangu mkononi, nikarudisha, akapiga tena. Tukaendelea hivyo saa nzima.

Mwishowe nikajikaza. "Kaka, wakikuuliza tena leo, utasemaje?"

Akaushika mpira, hakuupiga. "Sijui, Bel. Siku ile sikufikiria, nilijibu tu. Sasa nimefikiria mwaka mzima."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilifurahi alipojibu vile, kwamba labda mimi peke yangu ndiye niliyefurahi. Badala yake nikarudi nyuma ya milingoti.

"Piga," nikasema.