Gia za Shemeji

Kiwandani walimwita Mzee wa Udongo, naye alilivaa jina hilo kama nishani. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wa mkemia wa kiwanda. Mama yao, mwenye kiwanda, alimpa usimamizi wa mitambo kwa sababu moja tu: ndiye kifungua mimba.

Tangu waanze kutengeneza gia za mashine kwa nailoni iliyochanganywa na udongo laini kuliko vumbi, hakufunga mdomo. "Udongo ndio kila kitu," aliwatangazia mafundi, tumbo mbele. Kisha akaamuru kalibu za kumwagia nailoni zipozwe kwa maji ya barafu, gia zitoke haraka.

"Shemeji, unaziharibu," mkemia alimwambia. "Nailoni ikipoa ghafla, fuwele zake, zile chembe zinazoipa ugumu, hazipati muda wa kujipanga. Zinakuwa chache na legevu. Gia itapinda kwenye joto, hata ukiijaza udongo."

"Fuwele!" Alicheka hadi akakohoa. "Vitu visivyoonekana hivyo vinakuumiza kichwa bure, shemeji."

Mkemia alimtazama kama mtu anavyomtazama mende kwenye sahani. Akaenda kumwaga gia zake mwenyewe, katika kalibu ya moto, akaziacha zipoe taratibu.

Siku mnunuzi alipokuja kuzijaribu gia, mama mkwe alisimama pembeni na mkoba wake. Gia ya Mzee wa Udongo ilifungwa kwenye mashine yenye mafuta ya moto. Haikudumu hata muda wa mgeni kumaliza kikombe cha chai. Meno yakalala, mashine ikakwama.

"Udongo wa safari hii mbovu!" akafoka.

"Wangu pia ni wa gunia hilo hilo," mkemia alisema, akimkabidhi mnunuzi gia yake. Hiyo ilizunguka, ikazunguka, hadi mgeni mwenyewe akaomba izimwe.

Mama mkwe alimnyooshea mwanawe mkono. "Funguo za mitambo."

"Mama, jamani, mbele ya watu?"

"Leta."

Alizitoa mfukoni akinuna kama mtoto aliyenyang'anywa pipi, na toka siku hiyo akapelekwa kufunga maboksi.

Wiki iliyofuata, mkemia alimkuta akiwahutubia wafungashaji. "Siri ni fuwele," alikuwa akisema. "Mimi niliwaambia zamani, hawakunisikia."

Nyumbani, mume alimbembeleza mkewe. "Ni kaka yangu. Msamehe tu."

"Nimeshamsamehe," alijibu, akivua viatu. "Ila usiniombe nimheshimu."