Bahasha Moja kwa Kila Jumapili

Baba alikuwa fundi wa kufunga majukwaa ya mianzi kwenye maghorofa ya Hong Kong, na farasi aliwabetia kama alivyofunga mafundo yake, kila moja sawa na lililotangulia. Alipostaafu alichukua akiba yake, akatia noti moja moja ya dola mia tano katika bahasha nyekundu za mwaka mpya, akazifunga kwa gundi na kuzipanga kwenye kopo la biskuti. Jumapili ya mbio alitoa bahasha moja, kwa farasi mmoja. Akishinda, faida inarudi koponi katika bahasha mpya. Akipoteza, anafunika kopo na kwenda kunywa chai.

"Ukipoteza usikimbilie kukomboa," alituambia. "Ukipata usivimbe kichwa. Dau ni lile lile."

Tulimcheka, kisha tukaacha. Kopo halikujaa haraka, lakini halikuisha. Lilikuwa la kununulia nafasi ya majivu yake kwenye ukuta wa hekalu, kando ya Mama. Mtunza hekalu, Mzee Fok, alikubali kumwekea nafasi hiyo.

Baba alipolazwa, kopo lilibaki kwa mdogo wangu Pak-kei, aliyekuwa akiishi naye. Kila Jumapili ya mbio Pak-kei alileta bahasha moja wodini. Baba aliigusisha kwenye paji la uso, kama alivyofanya siku zote, kisha akamrudishia aende kuweka dau.

"Moja tu, wewe?"

"Moja tu, Baba. Kwani unaniona mwehu?"

"Nakuona una viatu vipya."

"Vya mtumba hivi!"

Baba alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, nikacheka pia.

Baada ya mazishi nililibeba kopo nikamlipe Mzee Fok. Lilikuwa limejaa. Nilichana bahasha ya kwanza mezani kwake, nikakuta noti ya ahera, zile za karatasi tunazowachomea wafu. Nikachana nyingine. Ahera tena. Mzee Fok alijifanya anapangusa vinara.

Nilimkuta Pak-kei nyumbani anakula tambi.

"Nilikuwa nazirudisha, Dada. Nilipoteza moja, nikaweka mbili ili niikomboe. Halafu nne. Farasi alikuwa anaongoza, nakuapia, mpaka kona ya mwisho."

"Sijakuuliza farasi. Zile bahasha za wodini zilikuwa na nini?"

Aliweka vijiti chini.

"Alikuwa hai, Pak-kei. Ulimpa mtu aliye hai hela ya wafu, akajigusisha usoni."

"Sasa ningetia nini? Angeipapasa akajua iko tupu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza kazi yake.

Mzee Fok alingoja kadiri alivyoweza. Nafasi kando ya Mama imechukuliwa na familia nyingine, na majivu ya Baba yako kwenye rafu ya kukodi katika duka la vifaa vya mazishi, kati ya watu tusiowajua. Nje ya duka kuna pipa la kuchomea. Siku ya kwanza Pak-kei alikuja, akataka kumimina kopo zima ndani yake.

"Tuchome zote, Dada, yaishe. Baba akabeti huko aliko."

Nilimshika mkono.

"Moja. Utakuja kila Jumapili uchome moja, na umwambie kwa mdomo wako ulichofanya."

Alichoma moja. Midomo yake ilicheza, lakini sikusikia neno. Jumapili iliyofuata alikuja amechelewa, simu ikisikika mfukoni, mtangazaji akiita majina ya farasi. Iliyofuata hakuja, na tangu hapo hajaja.

Kopo bado lina bahasha nyingi. Naenda peke yangu. Nachoma moja, nafunika kopo, nakwenda kunywa chai. Baba simwambii chochote.