Maksai wa Matanga ya Kwandu

Kwandu alipomaliza matibabu ya mionzi ya saratani Mwanza na kurudi kijijini kwake, nje kidogo ya Bariadi, watu walimpokea kama mtu aliyewavurugia ratiba. Walikuwa wamejiandaa kuzika.

Huu ni mwezi wa nane tangu arudi, anakula ugali wake na maziwa ya mgando, analala usingizi wa maana, anakwenda kliniki na kurudi na jibu lile lile: hali nzuri mama, endelea kutembea, fanya kazi kidogo kidogo, ila mkono wa kushoto usibebe mizigo. Titi moja walilitoa. Akili hawakuigusa. Lakini jirani yake Klementina bado humjia na uji wa mgonjwa, akiongea kwa sauti ya kanisani, macho kayagandisha kifuani pa mwenzake kama anakagua mizani iliyochezewa.

"Mwangaluka mayu," humsalimia Kisukuma. "Umeamkaje leo?"

"Nimeamka," Kwandu humjibu. "Habari yenyewe ndiyo hiyo."

Hayo aliyameza. Kilichomkaba kooni ni maksai.

Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, na alipokwenda kutibiwa aliwaacha kwa Shigela, mdogo wa marehemu mumewe. Ukoo ukakaa kikao, bila kumuuliza mwenye ng'ombe. Wakakata shauri: mmoja abaki wa kulimia, mwingine, anayeitwa Treni, atolewe kwenye nira anenepeshwe kwa ajili ya matanga, maana mtu wa heshima hazikwi kwa maharage. Kwandu akarudi mzima. Treni hakuna aliyemwambia, akaendelea kula mashudu ya pamba na kufuga shingo.

Sasa mvua imenyesha, eka mbili za Kwandu hazijaguswa, na maksai mmoja aliyerudishiwa hawezi kulima peke yake. Pamba nayo haina adabu. Ukiichelewesha hadi Desemba iishe, utavuna majani.

Asubuhi akamchukua binti yake Nancy, wakaenda zizini kwa Shigela.

"Shemeji, nimekuja kumchukua Treni."

Shigela akamtazama ng'ombe, akamtazama shemeji yake, kama anayepima nani atatangulia. "Huyo tumempumzisha."

"Alichoshwa na nini?"

"Tumemweka tu. Kuna shughuli."

"Ya nani?"

"Ya familia."

"Mnaondoka wote, au ni mimi peke yangu?"

"Usiseme hivyo shemeji. Ugonjwa huo una tabia ya kurudi. Sisi tunajipanga."

"Ukirudi uuelekeze shambani. Nitakuwa huko."

Shigela akasimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni. "Ukimfunga nira atakonda."

"Basi mtanizika kwa mifupa. Sitakuwepo kulalamika."

"Na ukoo nitauambia nini?"

"Waambie marehemu alikuja mwenyewe kumchukua."

Shigela ni mzee wa kanisa, na mambo ya mizimu huyakemea kila Jumapili. Lakini neno hilo lilimpeleka pembeni haraka kuliko fimbo. Nancy akainamisha kichwa asionekane anacheka, akamtoa Treni.

Shambani Nancy alishika plau. Kwandu alitangulia mbele, kamba mkono wa kulia, akitembea kama alivyoagizwa na daktari. Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili, Treni akaanza kukoroma. Wa tatu akapiga magoti, akalala kwenye udongo mbichi, ulimi nje. Maksai mwenzake akasimama akitafuna, hana habari naye.

Shigela, aliyekuwa amewafuata kwa mbali, akaja mbio mpaka katikati ya shamba.

"Shemeji, mwonee huruma. Huyu atakufa."

Kwandu akaketi kwenye tuta, akafuta jasho. Moyo ulimdunda vizuri tu, dundo la mtu aliyefanya kazi.

"Huruma mmempa zaidi ya miezi minane," alisema. "Tazama mlivyomfanya."

Walimsubiri Treni apumue. Kisha Kwandu akaivuta kamba, ng'ombe akainuka kwa shida, wakaendelea. Ilipofika saa nne, nusu eka ilikuwa imegeuzwa, nyeusi, inanukia mvua. Hapo Kwandu akaamuru nira ifunguliwe. Daktari alisema kidogo kidogo.

"Kesho saa kumi na mbili," alimwambia shemeji yake. "Umlete mwenyewe. Na mashudu ndiyo basi tena."